Ubeti Tuliofikia

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi na jiko la makaa, mkaninunulia na soda, kisha mkaniambia, "Mzee Mutua, tuachie maneno mawili." Nikasimama, nikakohoa, nikasema asanteni, nikaketi. Mlipiga makofi sana, nafikiri kwa furaha kwamba sikukawia. Lakini nikiwa njiani kwenda nyumbani nilijiona mjinga. Mtu amepasua mawe Ruiru na Thika mpaka nywele zimegeuka rangi ya vumbi, halafu anaaga kwa neno moja tu? Basi maneno yangu ni haya. Atakayeyaona marefu awashie jiko.

Habari za vyeo na mshahara sitaandika. Waliopandishwa wanajijua, na walioachwa hawajasahau. Nataka kuandika juu ya mtu aliyenifundisha kazi, ambaye hamkumjua, na juu ya ule wimbo mnaonisikia nikiunung'unika kila baruti inapowashwa. Mmenicheka kwa huo wimbo miaka mingi. Najua mnaniita Kwaya.

Nilifika kware ya Ruiru miaka ya hamsini ikianza, kabla wakoloni hawajatangaza Imajensi, ile hali ya hatari, nikitoka kwetu upande wa Kangundo. Kware mnaijua, ni shimo la mawe tu, lakini wakati huo hapakuwa na mashine hata moja. Kulikuwa na nyundo, mitaimbo, tindo na migongo ya watu. Siku ya kwanza nilipewa kazi ya kushika mtaimbo wima huku mwenzangu akiupiga nyundo kutoka juu, na kila pigo niuzungushe kidogo ili tundu liwe duara. Ukizubaa, nyundo inakula vidole. Kufikia mchana viganja vyangu vilikuwa vimechubuka vinatoka damu. Mhunzi wa pale, Stefano, ambaye kazi yake ilikuwa kutunolea mitaimbo kwenye moto, aliniita kibandani kwake, akanishika mikono, akaitumbukiza ndani ya debe la maji ya chumvi. Nilipiga ukelele uliosikika mpaka mtoni.

"Haiya! Huyu Mkamba ana sauti," akasema. "Mwaura, leo umepata mwimbaji."

Mwaura alikuwa fundi wa baruti, na tena shemeji yake Stefano. Alikuwa amemwoa dada yake, Wanjiru, ambaye sote tulimwita Mama Nduta kwa jina la binti yao. Ndiye aliyetuuzia uji pale kware. Mwaura alikuwa mtu mfupi, mwepesi, mwenye haraka katika kila kitu. Alikula mbio, alitembea mbio, alicheka kabla hujamaliza hadithi. Baruti peke yake ndiyo iliyomtuliza. Akiishika, mikono yake ilikuwa kama ya mama anayeogesha mtoto mchanga. Alinifundisha kukausha tundu mpaka lisibaki na unyevu, kumimina baruti kwa karatasi iliyokunjwa, kuingiza utambi bila kuuvunja shingo, na kushindilia udongo juu yake kwa kijiti cha mti. Cha mti, si cha chuma. "Chuma na jiwe wakibusiana, Mutua, mtoto wao ni cheche," aliniambia. Nikiwaona nyinyi vijana mkishindilia kwa chochote kilicho karibu huwa naomba dua.

Kisha kulikuwa na wimbo. Saa hatukuwa nayo. Bwana wa kware alikuwa nayo, lakini ilikaa mkononi mwake, na mkono wake ulikaa Nairobi. Kwa hiyo Mwaura alipima muda kwa wimbo mmoja wa kanisani wa Kikuyu, mrefu, wenye beti nyingi na kiitikio. Alikuwa akipuliza filimbi, akipiga kelele "Baruti!" pande zote, akiwasha utambi, akija kujibanza nasi nyuma ya ukuta wa vifusi, kisha sote tunaanza kuimba. Wapagani waliimba. Mimi nisiyejua Kikuyu niliimba, na kwa mwaka mzima nilidhani ni wimbo wa mavuno. Tukifika ubeti wa tatu, jiwe linaondoka. Tunaimba tena mpaka mwisho, moshi upungue na mawe yaliyolegea yamalize kuanguka, ndipo Mwaura anatangulia kukagua.

Ikitokea baruti imelala, yaani umefika ubeti wa tatu na kimya, sheria yake ilikuwa ngumu. Hakuna kuinuka. Unauimba wimbo wote, unaurudia, unaurudia tena. Utambi uliopata unyevu unaweza kuwaka polepole ndani kwa ndani kama moto wa kinyesi cha ng'ombe, na wewe juu unaona umezimika. Stefano alikuwa na sauti mbaya ajabu, na utani wetu ulikuwa kwamba tunaimba mpaka Stefano aombewe msamaha.

Hawa shemeji wawili walipenda kubishana Biblia. Walibishana kila siku wakati wa uji, kwa raha zao, jinsi wengine wanavyocheza bao. Mwaura alikuwa ameokoka, mtu wa ndugu wale wa kukiri na kulia, na aya yake ilikuwa ile ya Zaburi, kwamba malaika wameagizwa wakubebe hata mguu wako usigonge jiwe. "Nionyesheni," alikuwa akisema huku akituonyesha lile shimo lote, "nionyesheni mtu mwingine ambaye aya hiyo iliandikiwa kama si sisi!" Stefano alikuwa katekista, mtu wa taratibu, na yeye alikuwa na Nehemia: waliomba, ndiyo, kisha wakaweka walinzi. Alikuwa na Mithali pia: mwerevu akiiona hatari hujificha, mjinga huenda tu akaumia.

"Shemeji, mtegemee Bwana kwa moyo wako wote," Mwaura alikuwa akimwambia. "Moyo wote, si nusu. Nusu nyingine unaipeleka wapi?"

"Naipeleka mlangoni, nikafunge komeo."

Alisema hivyo kwa sababu walikuwa majirani, na mlango wa Mwaura ulifungwa kwa kamba ya katani tu, huku wa Stefano ukiwa na gogo, jiwe, na mbwa mkali nje. Imajensi ilipoanza, watu wa msituni waliopigana na wakoloni walimtaka Mwaura ale kiapo chao, akakataa. Serikali ikamtaka ashike bunduki awe homugadi, mlinzi wa serikali kijijini, akakataa hiyo nayo. Watu kama hao waliuawa na pande zote mbili. Yeye aliendelea kulala nyuma ya kamba yake ya katani. "Malaika wako ni mbwa wangu," Stefano alimwambia, nasi tulicheka mpaka uji ukatupalia.

Na siku moja, katika mabishano hayo, Stefano alitoa turufu yake. "Unajua nani mwingine alipenda hiyo aya yako ya malaika? Shetani. Alimpandisha Yesu juu ya hekalu akamsomea hiyo hiyo, akamwambia ruka. Na Yesu akamjibu, usimjaribu Bwana." Mwaura alicheka kuliko wote. Akasema, "Basi hata Shetani akisoma vizuri nitaitikia amina." Ulikuwa mzaha wa uji. Nauandika kwa sababu ulirudi baadaye.

Imajensi ilipokaza, baruti ikawa kitu cha kuogopwa kuliko chui. Tulikuwa tunaichukua Thika, kwenye stoo yenye ulinzi, na askari akawekwa kware kuhakikisha hakuna hata kijiko kinachokwenda msituni. Huyu askari hakuwa mtu mbaya. Alitoka mbali, magharibi huko, hakujua neno la Kikuyu, na alikuwa ameambiwa kwamba watu wa msituni wamechukua tuni za kanisani wakazitia maneno yao. Ilikuwa kweli. Siku ya kwanza alipotusikia nyuma ya vifusi alikuja mbio, bunduki mbele.

"Nyamazeni! Hapa hakuna kuimba."

"Afande, huu ni wimbo wa Mungu," Mwaura alimwambia.

"Mimi nitajuaje? Nikiulizwa nitasema nini? Kuanzia leo, hakuna."

Wakati wa uji Stefano hakula. Alisema twende tukamwombe bwana wa kware saa, hata mbovu. Mwaura akasema haina haja, tutaimba moyoni, Mungu husikia hata kisichotamkwa.

"Mungu husikia," Stefano akasema. "Utambi je?"

"Shemeji, una imani haba."

"Na wewe iko siku utamjaribu Mungu, akuache." Alisema kwa hasira. Sikuwahi kumsikia akimkasirikia kabla ya hapo. "Moyo hauna saa, Mwaura!"

Saa iliombwa. Bwana wa kware alisema italetwa. Kipindi hicho vitu vingi vilikuwa vinaletwa.

Basi tukawa tunaimba moyoni. Mnaweza kufikiria watu wazima wamejibanza nyuma ya vifusi, midomo inachezacheza bila sauti, askari akituangalia kama wagonjwa wa akili. Siku nyingi mambo yalikwenda sawa. Baruti ikiwa kavu jiwe linajiondokea lenyewe, huhitaji kujua umefika wapi.

Ile siku ilikuwa masika. Tulikausha tundu kwa matambara, lakini udongo wa kushindilia ulikuwa na maji na mawingu yalikuwa yametulalia. Mwaura akawasha, akaja, tukaanza. Nilifika ubeti wa tatu, kimya. Nikamaliza wimbo, nikaanza upya. Nilikuwa katika ubeti wa nne, mara ya pili, nilipomwona Mwaura anainuka na kujipangusa suruali.

"Bado!" Stefano akamwambia.

Mwaura akageuka, akatabasamu. "Mimi nimemaliza zote, shemeji. Wewe na sauti yako hiyo, hata moyoni unachelewa."

Akaenda. Alitembea mbio kama kawaida yake. Alifika, akainama juu ya tundu, akaweka mkono kwenye udongo kama mtu anayempima mtoto homa. Ndipo jiwe likaondoka.

Sitaandika tuliyoyakuta. Tulimbeba juu ya mlango wa kibanda cha Stefano, tuliung'oa kwa mikono kwa sababu hakuna aliyekumbuka kutafuta chombo. Askari alivua kofia, akawa anasema tu, "Lakini alikuwa amengoja. Si alikuwa amengoja?" Mama Nduta alikuwa juu na birika lake la uji. Alituona tunapanda na ule mlango, akaujua mlango, akajua na sisi ni nani na nani, akatafuta kati yetu yule asiyekuwepo. Uui, sauti ile! Nililia njia nzima mpaka mjini, na sioni haya kusema.

Mazishi ya wakati wa Imajensi yalikuwa ya kibali, watu wachache, homugadi pembeni. Kabla hatujatoka nyumbani Mama Nduta alimwita Stefano nyuma ya nyumba, nami nilikuwa pale nikilitia jembe mpini.

"Kaka," alimwambia, "watu wanasema. Ndugu zake wa wokovu wanasema aya haidanganyi, kwa hiyo lazima Baba Nduta alificha dhambi fulani, malaika wakamwachilia. Wa kanisani kwako wanasema alimjaribu Mungu kwa kiburi. Wewe ndiwe utakayesema kaburini. Sijali utatumia aya gani. Sema kitu ambacho Nduta ataweza kukua nacho."

Stefano akaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu kama makaa yake.

Pale kaburini alitangulia kusema mzee mmoja wa kanisa aliyetoka upande wa Thika. Sitamlaumu sana, alisema alichofundishwa. Alisema ajali haina kinga, kisha akasema lakini tujifunze, maana Bwana hajaribiwi. Na aya aliyoipenda marehemu, akasema, tujihadhari nayo, maana hata Shetani aliitumia. Ule mzaha wa uji! Sijui nani aliubeba mpaka kwake. Nilimwona Stefano akiyumba. Kwenye kikundi cha ndugu wa wokovu mmoja akanung'unika kwamba aya haina kosa, mwenye kosa ni mtu. Mama Nduta alisimama katikati yao na mtoto mgongoni, akitazama udongo.

Zamu ya Stefano ilipofika alisimama, akafungua mdomo. Alikuwa na Biblia mkononi, haikufunguliwa. "Hayo ya Shetani niliyasema mimi," akasema. "Nikicheza na shemeji yangu. Na maneno yangu ya mwisho kwake yenye maana yalikuwa kwamba Mungu atamwacha." Akanyamaza. Tulingoja, akashindwa.

Ndipo Mama Nduta akauliza. Hakumuuliza mzee wala ndugu. Alituuliza sisi wa kware.

"Mlikuwa mmefika ubeti gani?"

Tukatazamana.

"Baba Nduta alipoinuka. Kila mtu aniambie alikuwa amefika wapi."

Nikasema mimi nilikuwa wa nne, mara ya pili. Aliyekuwa kando yangu akasema yeye alikuwa anaanza mara ya pili. Mwingine alikuwa katikati ya mara ya tatu. Stefano akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa sijamaliza hata mara ya kwanza. Nilikuwa naogopa, nikawa naimba polepole."

"Na yeye alisema amemaliza?"

"Alisema amemaliza zote."

Mama Nduta akatikisa kichwa, na machozi yakaanza kumtoka kwa namna nyingine. "Alikuwa anaimba mbio," akasema. "Nyumbani tukiomba jioni yeye anafika amina mimi niko ubeti wa pili. Kila siku namgombeza. Hakumjaribu Mungu, na hakuwa na dhambi ya kuficha. Aliimba wimbo wote kama alivyowafundisha, akautegemea. Ni kwamba nyinyi mkiimba kwa sauti mlikuwa mnamshika asitangulie, na siku hiyo hamkuwa mnasikika."

Yule mzee alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Mama Nduta akaanza kuimba ule wimbo, polepole, akimtikisa mtoto, nasi tukauchukua, Stefano na sauti yake ile mbaya. Homugadi walitazamana wakaangalia pembeni. Tulifukia kwa mwendo wa wimbo.

Kuna kijana mmoja wakati ule aliniambia, haraka haraka haina baraka. Kidogo nimpige.

Mimi si mtu wa dini sana, lakini nimelifikiria jambo hili miaka yote nikipasua mawe. Wale shemeji walibishana kama kwamba aya ya malaika iko huku na aya ya usimjaribu iko kule, na mtu achague. Lakini tulipokuwa tunaimba kwa sauti, aya zote mbili zilikuwa katika mdomo mmoja. Tulikuwa tunamtegemea Mungu na tunangoja utambi, kwa pumzi ile ile, na hakuna aliyejua ni lini anafanya hili na ni lini lile. Walipotunyang'anya sauti, imani ilibaki na kungoja kukapotea. Zaidi ya hapo sijui, waulizeni waliosoma.

Mama Nduta alirudi kware na birika lake baada ya matanga, kwa sababu mtoto lazima ale. Fundi mpya alikuwa ametoka Thika, mtu mnyamavu. Alipopuliza filimbi, sote tukajibanza. Mama Nduta hakuondoka kama wanawake wengine walivyofanya. Aliketi nyuma ya vifusi pamoja nasi, akafunga kitambaa chake, akaanza kuimba kwa sauti. Tulimtazama askari. Alikuwa amesimama juu pale na bunduki yake, akimtazama yule mama. Kisha akageuka akawa anaangalia barabara ya Thika kana kwamba kuna lori analolingojea. Tukaitikia kiitikio. Jiwe likaondoka, na hakuna aliyeinuka mpaka Mama Nduta alipomaliza beti zote na kusema, "Sasa nendeni."

Alifanya hivyo mpaka Imajensi ikaisha na kware ile ikafungwa, nikahamia mawe ya Thika. Ile saa ya bwana wa kware haikuja kamwe.

Juzi, baada ya nyinyi kuniaga, nilikwenda kumwona. Anakaa Kimbo kwa Nduta, ambaye sasa naye ana wajukuu. Macho yamekwenda, lakini alinijua kwa sauti. Nikamwambia nimestaafu. Akanishika mikono, akapapasa viganja, akacheka kwamba bado ni vya Mkamba. Halafu akaniuliza kama vijana wa siku hizi wanaimba.

"Hapana, Mama Nduta. Siku hizi kuna king'ora. Kikilia mara ya kwanza mnajificha, kikilia mara ya pili mnatoka."

Alikuwa bado ameshika mikono yangu.

"Na huyo anayekipiga," akasema, "huwa anauliza kwanza kama kila mtu amemaliza?"